Choo cha dola milioni 1.7: kisa cha uwanja wa Noe Valley

Oktoba 2022, katika mtaa wa Noe Valley mjini San Francisco, iliandaliwa sherehe ya choo. Choo chenyewe hakikuwapo. Zilizokuwapo ni fedha, dola milioni 1.7 kutoka serikali ya jimbo la California, ambazo Matt Haney, mbunge katika Bunge la jimbo hilo, alizipigania ili uwanja mdogo wa mtaa upate mahali pa kujisaidia. Viongozi wangefika, wangepiga picha, wangepongezana. Heather Knight, mwandishi wa safu katika gazeti la San Francisco Chronicle, akauliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: choo kimoja, milioni 1.7, kimejengwa na nini? Sherehe ikafutwa. Kufumba na kufumbua, habari ikawa kichekesho cha nchi nzima.

Wengi walicheka, wakatoka na jibu moja: jiji lingenunua kibanda cha plastiki, likakiweka pale, mambo yakaisha. Nimekirudia kisa hiki kwa sababu jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoziangusha halmashauri nyingi zinapotaka kuweka vyoo kwenye bustani.

Tuanze na eneo. Noe Valley Town Square uko kando ya barabara ya 24th Street. Zamani palikuwa maegesho ya magari. Wakazi walichanga, wakasukuma, jiji likapanunua, na mwaka 2016 pakafunguliwa kuwa uwanja wa umma wenye viti, sehemu ya watoto kucheza, na soko la wakulima kila Jumamosi. Wakati wa ujenzi huo mabomba ya choo yalilazwa chini kabisa, tayari kuunganishwa. Choo hakikujengwa. Kwa hiyo kazi inayomtoa fundi jasho, ya kuchimba na kufikisha maji taka kwenye bomba kuu, ilikuwa imetangulia kwa miaka sita. Kilichobaki ni chumba cha futi 150 za mraba, karibu mita 14 za mraba, chenye choo kimoja ndani yake. Ukigawanya, kila mita ya mraba ingegharimu zaidi ya dola 120,000.

Idara ya Bustani na Burudani ya jiji ilipoulizwa, haikusema kwamba vigae vingekuwa vya marumaru. Ilieleza njia ambayo mradi ungepita. Msanifu majengo achore. Wakazi waitwe watoe maoni. Kamati ya Tume ya Sanaa ya jiji ikague mwonekano wa jengo. Tume inayosimamia bustani ipitishe. Mradi upimwe chini ya sheria ya mazingira ya California, ile ya mwaka 1970. Zabuni itangazwe, mkandarasi apatikane. Idara ya kazi za umma isimamie. Shirika la umeme la PG&E liunganishe nyaya zake. Choo kingekamilika mwaka 2025.

Hapa panahitaji utulivu, maana ndipo wachekaji wengi walipopita mbio. Chukua hatua yoyote kati ya hizo uisome peke yake, utaona ina sababu yake. Zabuni ya wazi ilikuja kwa sababu kazi za miji ziliwahi kugawiwa kwa kujuana. Sheria ya mazingira ilikuja kwa sababu barabara kuu na mabwawa yalijengwa bila kumuuliza aliyeishi pale. Wakazi husikilizwa kwa sababu waliwahi kupuuzwa. Tatizo ni kwamba hakuna hatua hata moja inayojua ukubwa wa kitu kilichowekwa mezani. Kikao cha kupitisha hospitali na kikao cha kupitisha choo hutumia meza ile ile, wataalamu wale wale, mwandishi wa kumbukumbu yule yule, na tangazo la siku zile zile. Hospitali inaweza kubeba gharama hizo zisionekane. Zikitua juu ya chumba cha mita 14, zinakuwa ndiyo bei yenyewe.

Kuna jingine lisilosemwa sana. Haney alieleza kwamba kiasi kile alipewa na idara, naye akakiombea kama alivyopewa. Mtu anayeandika makadirio ya mradi wa umma hukaa kwenye kiti chenye mwiba upande mmoja tu. Akikadiria chini, fedha zikaisha katikati, jina lake litatajwa kwenye kila kikao. Akikadiria juu mno, kwa kawaida hakuna anayeuliza, kwa sababu ziada humezwa na miradi mingine. Kwa hiyo anaongeza kidogo kwa ajili ya vifaa kupanda bei, kidogo kwa ajili ya kuchelewa, kidogo kwa ajili ya asichokijua. Simtetei, lakini ukiniweka kwenye kiti hicho, nami ningeongeza.

Ofisi ya Gavana Gavin Newsom ilisema fedha hazitatoka mpaka jiji lilete mpango wa kuzitumia vizuri zaidi. Kisha wakajitokeza wafanyabiashara wawili. Chad Kaufman, ambaye kampuni yake ya Nevada hutengeneza vyoo vya umma kiwandani vikiwa vimekamilika, akasema atatoa kimoja bure. Vaughan Buckley wa kampuni ya ujenzi ya Volumetric Building Companies akajitolea kukisimika. Chumba kama hicho hufika juu ya lori kikiwa na kuta, paa, sinki na choo. Kreni hukishusha juu ya msingi, mafundi wanaunganisha maji, maji taka na umeme.

Hata hapo pakawa na kizingiti. San Francisco ilikuwa na sheria ya mwaka 2016 iliyokataza jiji kufanya biashara na kampuni zenye makao katika majimbo yaliyopitisha sheria ambazo jiji lilizipinga, mwanzoni kuhusu haki za mashoga na wasagaji, baadaye utoaji mimba na upigaji kura. Orodha ilikua hadi majimbo 30, na Nevada ikiwemo. Jiji lisingeweza kukinunua choo cha Kaufman hata kama lingetaka, ila lingeweza kukipokea kama zawadi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2023, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba ilipunguza idadi ya washindani kwenye zabuni na kupandisha gharama.

Sasa angalia kalenda. Zawadi ilitolewa katika siku zile zile za aibu, mwishoni mwa 2022. Choo kilifunguliwa Aprili 2024. Choo cha bure, cha kiwandani, cha kuwekwa juu ya mabomba yaliyokuwa yakisubiri tangu 2016, kilichukua takriban mwaka mmoja na nusu. Kuna waliokitaja hicho kuwa ushindi, na kweli gharama kwa umma iliishia kuwa sehemu ndogo tu ya makadirio ya mwanzo. Mimi nakisoma kama jaribio la maabara ambalo hakuna aliyekusudia kulifanya. Ondoa bei ya jengo kabisa, ifanye sifuri, halafu uone kinachobaki. Kinachobaki ni miezi kumi na minane.

Ndipo tunarudi kwa wale waliosema kibanda cha plastiki kingetosha.

Kibanda hicho tumekizoea kwenye ujenzi na kwenye matamasha. Chini ya kiti kuna tangi la lita mia mbili na zaidi, linalowekwa maji kidogo yenye dawa ya kuzuia bakteria, rangi ya bluu ya kuficha yaliyomo, na manukato. Bomba la hewa hutoka kwenye tangi hadi juu ya paa ili harufu ipande itokee juu, na ndiyo maana kifuniko cha kiti kikiachwa wazi mtiririko huo huvurugika na harufu kurudi ndani. Hakihitaji mtaro wala kibali cha kuchimba. Kinashushwa asubuhi, mchana kinatumika.

Nguvu yake yote, hata hivyo, iko kwenye gari la kunyonya maji taka. Kwenye maeneo ya ujenzi Marekani, kipimo kinachotumika ni kibanda kimoja kwa wafanyakazi kumi kwa wiki ya saa 40, kikinyonywa mara moja kwa wiki. Hicho ni kipimo cha watu wanaojulikana kwa idadi. Bustani haina daftari la mahudhurio. Jumanne ya mvua watapita watu watano. Jumamosi ya soko, jua likiwaka, tangi linaweza kujaa kabla ya alasiri. Mkojo nao una tabia yake: bakteria huvunja urea iliyomo na kutoa amonia, gesi yenye harufu kali, na joto huharakisha kazi hiyo. Kibanda kilichokuwa sawa Ijumaa kinaweza kumfukuza mtu Jumapili, na mama mwenye mtoto anayejikunja kwa haja hatasubiri ratiba ya mkandarasi.

Gari lenyewe linadai mambo. Mpira wake una urefu fulani tu, hivyo kibanda hulazimika kukaa karibu na barabara, huku watoto wanacheza upande wa pili. Ukikisogeza ndani ya bustani, gari litapita juu ya nyasi na juu ya mabomba ya kumwagilia yaliyofukiwa kidogo tu chini ya udongo. Halafu kuna mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Kanuni za Marekani za mwaka 2010 huruhusu asilimia 5 tu ya vibanda vilivyopangwa pamoja viwe vya kumfaa, lakini kikiwa kimoja peke yake, ndicho hicho kinapaswa kuwa kikubwa, chenye mlango mpana na sakafu iliyolingana na ardhi. Nimeona mipango mingi ya bustani ambapo kibanda kikubwa huitwa nyongeza. Kikiwa kimoja si nyongeza. Ndicho choo.

San Francisco haikuwa ngeni kwa vyoo vya kuhamishika, na kwangu hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kiwe cha ajabu. Mwaka 2014, katika eneo la Tenderloin, ambako watu wengi hulala nje, watoto walilalamika kwamba wanaruka vinyesi njiani wakienda shule. Idara ya kazi za umma ikaanzisha mpango ulioitwa Pit Stop. Vyoo viliwekwa juu ya trela, vikaletwa na gari mchana na kuondolewa usiku, mwanzoni sehemu tatu tu. Kila kituo kilikuwa na sinki, pipa la sindano zilizotumika na mifuko ya kinyesi cha mbwa. Zaidi ya vyote, palikuwa na mtu.

Mhudumu huyo husafisha baada ya kila mtumiaji au karibu na hapo, hugonga mlango mtu akikawia, huangalia kama kuna aliyezidiwa na dawa za kulevya ndani. Wahudumu wengi ni watu waliowahi kufungwa na waliokuwa wakitafuta pa kuanzia tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliangalia malalamiko ya kinyesi yaliyopokewa na jiji kabla na baada ya vituo kufunguliwa, ukakuta yalipungua. Mwaka 2019 vituo vitatu vikajaribiwa kwa saa 24.

Bei nayo haikuwa ya kibanda. Mwaka huo wa 2019 kituo kimoja kilitajwa kugharimu wastani wa dola 200,000 hivi kwa mwaka, sehemu kubwa ikienda kwenye mishahara na usimamizi. Weka hesabu hizo mbili sambamba. Kwa milioni 1.7 zilizochekwa, kituo kimoja cha trela chenye mhudumu kingeendeshwa miaka minane na nusu tu. Aliyesema kibanda ni rahisi alikuwa akihesabu kibanda.

Inafaa kukumbuka pia Seattle, jiji lililodhani mashine ingechukua nafasi ya mhudumu. Mwaka 2004 lilisimika vyoo vitano vinavyojisafisha vyenyewe kwa takriban dola milioni 5. Mlango ulijifunga, sakafu ikaoshwa kwa maji yenye nguvu, ukafunguka. Vikageuka kuwa mahali pa kutumia dawa za kulevya na kufanyia ukahaba, kwa kuwa mashine huosha sakafu lakini haiwezi kumwambia mtu atoke. Mwaka 2008 vyote vitano viliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni wa eBay kwa jumla ya dola 12,549. San Francisco yenyewe ilikuwa na vyoo vya aina hiyo tangu miaka ya 1990, vya kampuni ya JCDecaux ya Ufaransa, na baadhi yake viliingizwa kwenye mpango wa Pit Stop kwa kuwekewa mhudumu nje. Kilichoongezwa pale ni binadamu tu.

Basi jiji lile lile lilikuwa na mikono miwili. Mmoja ulijua kushusha choo barabarani kwa gari na kukilinda. Mwingine, wa bustani, ulijua kujenga tu. Sababu naiona kwenye fungu la bajeti. Fedha za jimbo alizopata Haney zilikuwa za mradi, za kuweka kitu cha kudumu ambacho mtu anaweza kusimama mbele yake akapigwa picha. Mshahara wa mhudumu ni fedha ya kila mwaka, haina uzinduzi, na mwaka mbaya ukija ndiyo ya kwanza kukatwa. Mwanasiasa anayetaka kusaidia mtaa wake hupata ya kwanza kwa urahisi kuliko ya pili. Idara nayo, ikishajua ni fedha ya aina gani inapatikana, huandika maombi yanayofanana na fedha hiyo.

Ningekuwa ndani ya idara ile, mezani kwangu ombi la wakazi wa Noe Valley, ningelishughulikia hivi. Kwanza trela, na si kibanda cha plastiki, kwa kuwa uwanja tayari una mabomba: trela inaweza kuunganishwa na maji taka ya pale pale, sharti la gari la kunyonya likaondoka, sinki likawa na maji ya kweli. Ningeileta Jumamosi za soko tu kwa kuanzia, kisha siku zote za wiki. Kifaa kidogo mlangoni huhesabu wanaoingia, na mhudumu huandika kile ambacho kifaa hakikioni: foleni ilifika wapi, saa ngapi, nani alirudi nyuma. Miezi sita ya daftari hilo ingenipa kitu ambacho mradi wa milioni 1.7 haukuwa nacho, yaani kujua kama chumba kimoja kinatosha. Huenda vingehitajika viwili. Huenda siku tano za wiki hakihitajiki mhudumu wa kudumu bali msafishaji anayepita mara tatu, kwa sababu Noe Valley si Tenderloin. Ni mtaa wa watu wenye nafasi, wengi wao wazazi wenye watoto wadogo, na shida yake si ile ile. Kumwajiri mtu asimame hapo saa 24 kungekuwa kufuja kwa namna nyingine.

Baada ya hapo ndipo ningepeleka ombi la jengo, na ningelipeleka kama kifaa kinachonunuliwa, kutoka kwenye orodha ya vyumba vya kiwandani ambavyo Tume ya Sanaa imeshavikagua mara moja kwa bustani zote. Kukagua upya mwonekano wa chumba kile kile kwa kila uwanja ni kulipia kikao kile kile mara nyingi. Wakazi wangeulizwa mambo mawili wanayoyajua kuliko msanifu: kikae wapi, na kifungwe saa ngapi.

Najua pingamizi. Jirani anayeishi mkabala na uwanja atasema trela inaharibu sura ya mtaa, na ya muda ina tabia ya kubaki. Ana haki. Vyoo vingi vya muda huzeeka papo hapo, vikichubuka rangi, hakuna anayekumbuka aliyeviweka. Dawa yake ni kuandika tarehe ya kuondoka kwenye kibali chenyewe na kumpa jirani huyo namba ya simu inayopokewa. Nyingine ni hoja ya vyama vya wafanyakazi: choo kinachotoka kiwandani jimbo jingine kinawanyima mafundi wa hapa kazi. Hiyo nayo si ya kupuuza, ingawa kuunganisha, kutunza na kutengeneza hubaki kwa mafundi wa hapa kwa maisha yote ya choo, ilhali kujenga ni kwa miezi michache.

Choo cha Noe Valley kilipofunguliwa Aprili 2024, wakazi walifanya sherehe ambayo mwaka 2022 ilikuwa imefutwa. Jengo, kama kawaida ya vyumba vya aina hiyo, lilishushwa na kuunganishwa kwa muda mfupi kuliko muda uliotumika kulijadili. Kuanzia siku hiyo linahitaji karatasi, sabuni, mtu wa kufungua asubuhi na kufunga jioni, na fundi wa kuja bomba likiziba Jumamosi ya soko.